Jina Mkononi mwa Tavita

Glenwood, Durban
22 Mei 2022

Mdogo wangu Serge,

Usinipigie simu tena. Mimi yaya wako, dada yako mkubwa, sijakukasirikia, kwa hiyo usianze kununa kama ulivyokuwa ukinuna kule Uvira ukinyimwa mkia wa samaki. Shida ni sauti yako. Prodige alipobalehe alichukua sauti yako nzima nzima, hata kile kikohozi unachokohoa kabla ya kusema jambo zito. Juzi uliposema "Allô, Mama," kwa utani wako wa kuniita hivyo, niliitika "Naam, mwanangu," nikafurahi kwa pumzi moja. Halafu nikakumbuka. Siwezi kumzika upya kila Jumapili.

Basi tuandikiane. Mimi naandika kwenye karatasi, Kemunto anaipiga picha na kukutumia. Kemunto ni yule Mkenya aliyepanga chumba changu cha nyuma, anasomea uhandisi hapo chuoni. Anajua kunyamaza, ndiyo maana bado anakaa kwangu.

Nimetoka hospitali, presha imeshuka kidogo. Wamama wa kanisa walikaa nami matanga hapa uani, wakaimba mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna harusi. Maziko niliyatazama kwenye simu ya Diane, yule anayenisaidia saluni Pinetown. Viza walininyima, wewe unajua. Picha ilikuwa inakwama kila mara, na mara ya mwisho ilikwama jeneza likiwa limeshuka nusu. Mpaka Diane alipopata mtandao tena, watu walikuwa wameshaondoka kaburini. Kwangu mimi, Serge, mwanangu bado yuko nusu.

Sasa nijibu jambo moja. Uliniambia, "Aliumia mazoezini." Kwenye mchezo wa kukamatana mtu haumii peke yake. Nilikupa mtoto aende nawe Australia kwa sababu hapa walikuwa wanatuvunjia maduka na kutufukuza, na faili langu mimi la kuhamia huko lilikataliwa. Nilisema heri awe mbali, mradi yu hai. Ni nani aliyemwangusha?

Yaya wako,
Élisabeth


Logan, Australia
11 Juni 2022

Yaya Élisabeth,

Haya, sitapiga. Umenifanya nianze kujisikiliza ninapokohoa.

Unauliza ni nani. Yaya, uwanjani palikuwa na vijana wengi, wote wanakimbia, wote wanagongana. Daktari alisema ni kichwa, ni bahati mbaya. Polisi walikuja, wakauliza, wakafunga faili. Ukianza kutafuta bega la nani, ukishalipata utalifanyia nini?

Mtoto aliupenda mchezo ule kuliko chakula. Raga ya huku siyo ile ya Durban ya watu kumi na tano wanaosukumana vichwa. Hii ni ya watu kumi na tatu. Unachukua mpira, unakimbia moja kwa moja kwenye ukuta wa watu, wanakuangusha, unasimama, mnaanza tena. Prodige alikuwa anasema hayo ndiyo maisha yetu sisi wakimbizi, tofauti ni kwamba huku wanapiga makofi.

Nimempa rafiki yangu Pontien mzigo wako, anapita Durban mwezi wa saba. Ndani kuna nguo zake, viatu vyake vya kuchezea ambavyo sikuviosha, na mkeka. Mkeka tulipewa msibani na majirani zetu Wasamoa. Ni wa majani lakini ni laini kuliko kitambaa, bibi zao wanausuka kwa miezi na miezi, na pembeni una manyoya mekundu. Kwao ni kitu cha heshima kuliko ng'ombe kwa Mshi, mfugaji wa kule kwetu. Utandike mahali pazuri, na usiuuze. Nakujua.

Mdogo wako,
Serge


Glenwood, Durban
4 Septemba 2022

Serge,

Mzigo ulifika. Viatu nimeviweka dirishani na udongo wake. Mkeka nimeutandika kwenye kitanda cha Prodige, katika kile chumba ambacho miaka yote hii sijampangisha mwanafunzi yeyote.

Nikwambie jambo, na usicheke. Siku moja mwezi uliopita nilifika Pinetown nikakumbuka nimesahau nyuzi za kusukia, nikapanda taxi nyingine kurudi. Ilikuwa mchana, jua kali, nyumba tupu. Nikafungua mlango wa chumba chake nichungulie tu, ndiyo desturi yangu. Mkeka ulikuwa umeinuka katikati, kama kwamba chini yake kuna mtu amepiga magoti na kuinamisha kichwa. Haukutikisika. Nikafunga mlango. Nilipofungua tena ulikuwa umelala tambarare, na chumba kina joto la mtu.

Sikumwambia Kemunto. Lakini juma lililofuata yeye ndiye aliyeniuliza, kwa adabu yake, "Mama Prodige, kuna mgeni analala kwa hiyo room?" Nikamwambia hakuna. Tangu siku hiyo anaupita ule mlango haraka haraka.

La pili ni baya zaidi. Diane aliniita mbele ya wateja, simu mkononi: "Mama, kuja uone. Iko jina ya Prodige kwa mukono ya huyu muntu." Nikatazama. Mwanaume mpana, nywele zimefungwa nyuma, anakimbia na mpira watu watatu wamemning'inia, anauweka chini kwenye mstari. Kisha anainua mkono wake uliofungwa bandeji nyeupe, na juu ya bandeji kumeandikwa kwa wino mweusi PRODIGE. Akaubusu. Uwanja mzima ukasimama.

Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akasema, "Eish, huyu amemutoa mutoto kafara. Angalia vile anapanda." Wengine wakatikisa vichwa. Nilitaka kumfukuza, lakini mkono wangu ulikuwa umejaa nywele za mtu, na moyoni nilikuwa tayari nimesema hayo hayo. Wewe na mimi tumewaona wangapi kule kwetu, mtoto wa jirani anakufa na mtu ananunua gari? Mwanangu anakufa mwezi wa nne, na mwezi wa nane mtu nisiyemjua anapigiwa makofi na jina lake mkononi. Na juzi, taxi iliposimama kwenye robot ya Umbilo, zile taa za barabarani, Prodige alivuka barabara mbele yetu. Alikuwa amechoka sana. Alikuwa anatembea kama mtu anayefanyishwa kazi bila kulala.

Ni nani huyo? Mwambie alitoe jina. Mwanangu apumzike.

Élisabeth


Logan
25 Septemba 2022

Yaya,

Nilijua siku moja utaiona hiyo video. Acha nikueleze taratibu, na wanawake wa saluni wape kazi ya kusuka.

Anaitwa Tavita Solofua. Amezaliwa hapa hapa Logan, babu na bibi zake walitoka kisiwa kimoja cha Samoa. Baba yake anakata nyama nami kiwandani, meza moja. Nyumba yao inatazamana na yetu. Tulipofika, Prodige hana hata rafiki mmoja huku, Tavita ndiye aliyevuka barabara na mpira chini ya kwapa. Amekula ugali wangu mpaka nikaanza kununua unga wa gunia. Ndiye aliyemfundisha Prodige kukimbia mpira ukiwa kwenye mkono wa kushoto. Walilala chumba kimoja Jumamosi nyingi kuliko nilivyopenda.

Kipaji alikuwa nacho tangu utotoni, hakukipata mwezi wa nne. Timu ya Sydney ilimtazama miaka miwili, mwaka huu mtu wao akaumia goti, wakamwita. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja tu. Huku wachezaji wengi huandika jina la marehemu wao kwenye bandeji, la mama, la bibi, la rafiki. Ni mapenzi, Yaya. Huku hakuna mambo ya kafara.

Siku ile alikuwepo. Aliumia sana moyoni. Tuishie hapo.

Serge


Sydney
19 Machi 2023

Mama Élisabeth mpendwa,

Barua yako nilipewa klabuni. Uliniuliza swali moja tu, mimi ni nani kwa Prodige. Bibi yangu alinifundisha kwamba nikipata nafasi ya kuzungumza nawe nianze na jambo lenyewe. Mimi ndiye niliyemwangusha. Najua unajua, lakini lazima nilitamke mwenyewe.

Ilikuwa ni zoezi la kawaida. Alikuja mbio, mimi nikaingia na bega, kama tulivyofanya mara nyingi. Alikuwa anacheka. Kichwa chake kilishuka na bega langu lilikuwa linapanda. Nililisikia, Mama. Sitaki kukuandikia nilisikia nini.

Tangu siku ile neno lako ndilo linalonifanya niweze kuamka. Wiki ile ya maziko tulikuja nyumbani kwa Serge alfajiri, ukoo wetu wote, wazee kwa watoto. Kwetu aliyeua hutubu hivyo. Anapiga magoti mbele ya nyumba ya wafiwa, anafunikwa mkeka ulio bora kuliko yote ya familia, na anabaki pale. Wafiwa wana haki ya kumpiga, hata kumuua. Wakitaka kusamehe, wanaufunua mkeka. Wasipotaka, anabaki.

Chini ya mkeka kuna joto na mwanga wa njano, unasikia pumzi zako tu. Jua lilipanda. Nilisikia bibi yangu akilia, magoti yake ni mabovu. Halafu mlango ukafunguliwa, nikasikia mtu akikohoa kidogo, na Serge akaufunua mkeka, akanishika kichwa. Akasema, "Dada yangu, mama wa mtoto, amesema unyanyuke." Maneno yako yalinisimamisha. Na aliponiambia umekubali nibebe jina lake, niliapa kwamba kila mchezo nitakaocheza utakuwa wake.

Mwaka huu nimepata mkataba kamili. Na Samoa wameniita kuchezea taifa. Bibi alilia. Nilitaka ujue kwamba Prodige ataingia uwanjani na mimi.

Mtoto wako kama utakubali,
Tavita

(Mama Prodige, nimetafsiri vile ameandika, sijaongeza wala kupunguza. Niko jikoni. Kemunto.)


Glenwood, Durban
26 Machi 2023

Serge,

Ni nani aliyekupa mdomo wangu?

Siku ile nilikuwa nimelazwa, nina mrija mkononi, sijui asubuhi wala jioni. Sikusema "nyanyuka". Sikusema neno lolote. Ulikuwa na mdomo wako mwenyewe, ungesamehe kwa huo, ungesema, "Mimi mjomba nimesamehe, mama yake muulizeni." Lakini ulichukua wangu. Halafu ukanipakia ule mkeka kwenye mzigo pamoja na viatu, nikautandika kwa mikono yangu kwenye kitanda cha mwanangu, na yule aliyemuua akapiga magoti chumbani kwangu mchana kweupe nisijue ni nani.

Na umefikiria alisikia nini, yule kijana? Yuko chini ya mkeka, amemuua rafiki yake, anangoja kupigwa. Anasikia kikohozi. Anasikia sauti inamwambia nyanyuka. Sauti ya nani, Serge? Umemdanganya kwa mdomo wangu na kwa sauti ya mwanangu.

Nitamwandikia ukweli.

Élisabeth


Logan
2 Aprili 2023

Yaya,

Tukana unavyotaka, lakini nisikilize, maana sijutii.

Nilifungua pazia nikakuta watu wamejaa kwenye nyasi zangu, kimya. Wanaume wazima wameinama. Mbele yao kitu kimefunikwa mkeka. Sikuelewa, nilidhani wameniletea maiti mwingine. Baba yake, mwenzangu wa meza moja, hakuthubutu kunitazama. Jirani wa kushoto ndiye aliyenieleza. Nikarudi ndani nikakupigia, akapokea nesi. Nikangoja. Nikapiga tena. Jua likawa kali na yule bibi yuko pale chini na magoti yake. Ningewaacha mpaka lini, Yaya? Mpaka presha yako ishuke?

Nilitoka nikiwa nataka kusema mimi nimesamehe. Wallahi, kama wanavyoapa Waswahili wa pwani. Lakini nilipoufunua mkeka nikaona shingo ya yule mtoto inavyotetemeka, nilijua msamaha wa mjomba hautamtosha. Alikuwa anamngoja mama. Nikampa mama. Kama ni dhambi, nimeibeba.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie. Ukimwambia hukusema, hatabaki na mguu wa kusimamia. Mchezo ule ni wa mwili kugonga mwili, mtu mwenye shaka hawezi kuucheza hata dakika moja. Ana miaka michache tu ya kuucheza, na ukoo mzima unamtazama.

Serge


Glenwood, Durban
16 Aprili 2023

Tavita,

Sikusema unyanyuke. Kaka yangu alisema kwa kichwa chake, mimi nilikuwa hospitalini. Sijakusamehe.

Litoe jina la mwanangu mkononi mwako.

Élisabeth, mama yake


Logan
18 Februari 2024

Yaya Élisabeth,

Ni karibu mwaka hujaandika, nami nikaona nikuache. Sasa naandika kwa sababu baba yake Tavita ameniuliza kiwandani kama unaendelea vizuri. Aliniuliza akiwa anakata, bila kuinua kichwa.

Jina alilitoa wiki ile ile barua yako ilipofika. Aliingia uwanjani na bandeji nyeupe tupu, na waandishi walimuuliza kwa nini, akasema, "Si langu." Mechi hiyo watu walimpita mara tano. Iliyofuata vivyo hivyo. Samoa walimwacha benchi. Sydney walimshusha timu ya pili, kisha wakamlipa aondoke. Sasa yuko Uingereza, mji mdogo wa kaskazini wenye mvua, anacheza daraja la pili. Bado anakimbia na mpira vizuri, lakini mtu akija upande wake hamwangushi. Watangazaji wanasema ameota woga, wengine wanasema pesa zimemlewesha. Umri wake ni miaka ishirini na mitatu na wanamzungumzia kama mzee.

Ulitaka apande au ashuke, Yaya? Ameshuka. Je, mtoto amepumzika?

Serge


Glenwood, Durban
15 Juni 2025

Mdogo wangu,

Uliniuliza swali kwa ukali nikashindwa kulijibu mwaka mzima na zaidi. Sasa nalijibu. Hapana, hajapumzika. Jina lilipotoka mkononi mwa yule, nilingoja. Prodige aliendelea kuvuka barabara kwenye robot. Aliendelea kukohoa nyuma yangu ninapofunga saluni. Mchungaji alikuja kuombea chumba, tukaukunja mkeka, tukaufunga kwa kamba. Haikusaidia.

Basi nikaanza kumtazama yule kijana. Nitasema ukweli, nilianza kwa nia mbaya. Kila Jumapili nikitoka kanisani Queensburgh, Kemunto ananifungulia mechi kwenye kompyuta yake, nami nakaa na chai yangu kumtazama anavyozomewa. Nilifurahi, Serge. Nilifurahi wiki nyingi, na chai ilikuwa tamu.

Halafu nikaona kitu, na baada ya kukiona sikuweza tena kufurahi. Si kweli kwamba hamwangushi mtu. Wale wanene anawaangusha, tena kwa nguvu. Wazee anawaangusha. Anaowaacha ni wa aina moja. Ni wale vijana warefu, wembamba, wanaokuja mbio magoti yakiwa juu na mpira kwenye mkono wa kushoto. Akiwaona hao mikono yake inafunguka. Anasimama wima, bega linashuka, anawapisha. Nilimwambia Kemunto arudishe nyuma. Akarudisha. Nikasema arudishe tena. Kemunto akasema, "Mama Prodige, huyu anaona mtu." Nikamwambia ndiyo, najua, anamwona mwanangu.

Nimekaa miaka mitatu nikidhani ni mimi peke yangu ninayemwona. Wewe humwoni, wewe ulimzika mpaka mwisho. Diane alishamsahau. Kumbe yuko mtu mwingine, mwisho wa dunia, kwenye mvua, anakutana naye kila Jumapili saa ile ile ninayokutana naye mimi. Sipendi kwamba ni yeye. Ningechagua mtu mwingine yeyote. Lakini ni yeye, na uwanja mzima unamzomea kwa kumpisha mwanangu apite salama.

Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimekuandikia kwa sababu sina mdogo mwingine.

Yaya wako,
Élisabeth


Uingereza
24 Agosti 2025

Mama Élisabeth,

Serge aliniambia unanitazama. Sikujua kama niogope au nishukuru, nikafanya vyote viwili.

Sikukujibu ile barua ya mistari mitatu kwa sababu haikuwa na swali. Ulikuwa na haki. Nilikuwa nimesimama juu ya kitu ambacho hukunipa, nikarudi chini. Tangu siku hiyo, kichwani mwangu, bado niko kwenye zile nyasi na hakuna aliyetoka nje.

Kocha ameniambia wazi. Imebaki mechi moja, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Septemba. Tukishindwa tunashuka daraja, na nikipitwa tena siongezewi mkataba hapa wala popote. Wapinzani wanajua wapi pa kupita. Upande wangu wamemweka kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, mrefu. Nimemtazama kwenye video. Nilizima.

Sikuombi unisaidie na mchezo. Ninachoomba ni ruhusa. Baada ya mechi hiyo, nikiwa bado mchezaji au siyo tena, nataka kuja Durban. Bibi yangu aliniachia mkeka mmoja kabla hajafa. Nitakuja mbele ya mlango wako mwenyewe, siyo wa kaka yako, nipige magoti nifunikwe, na utakapotaka utatoka. Usipotaka nitabaki. Safari hii nitasikia sauti yako au sitasikia kitu.

Tavita

(Nimetafsiri. Mama Prodige, hapo mwisho aliandika kitu akakifuta kwa wino, sikuweza kukisoma. Kemunto.)


Glenwood, Durban
7 Septemba 2025

Tavita,

Usije kupiga magoti mlangoni kwangu. Hapa mtaani mtu akifunikwa mkeka kando ya barabara, wanafunzi watapiga simu polisi waje kuchukua maiti. Na kwetu Uvira mkeka wa namna hiyo wazee walimfunika nao aliyekufa. Nimeshamfunika mmoja, wewe sikuongezi. Ukija, njoo na viatu miguuni, ubishe hodi, uingie, ule. Kemunto atatafsiri na mimi nitapika sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Una mambo mengi ya kunisimulia. Hakuna aliyewahi kuniambia mwanangu alikuwa anachezaje. Alipoondoka hapa alikuwa hajui hata kudaka mpira, na alipofariki watu waliniambia habari za kichwa tu.

Sijakusamehe. Naandika wazi ili asije mtu mwingine akakuambia vingine kwa niaba yangu. Huenda utakuja msamaha siku moja tukiwa tunakula, huenda usije kabisa. Sitaudanganya, na wewe usiungoje ndipo uishi.

Lakini kuna jambo naweza kukupa leo, na hili ni langu kweli.

Wiki iliyopita Kemunto alinifungulia tena ile mechi yako ya Agosti. Dakika za mwisho alikuja kijana mrefu, mpira mkono wa kushoto. Nikasimama jikoni kwangu, nikasema, "Prodige." Nikatazama midomo yako. Nawe ulisema hivyo hivyo. Akakupita, watu wakatukana, na wewe ukabaki umesimama unamtazama anavyokwenda, na uso wako ulikuwa na amani. Naijua amani hiyo. Ndiyo ninayoipata pale kwenye robot, kabla taa haijabadilika. Ni tamu, na inatuua sote wawili.

Sasa nisikilize mimi, maana katika hili hakuna anayejua zaidi yangu. Yule siyo Prodige. Nilimbeba, nilimzaa, nilimwogesha, nakwambia siyo yeye. Wewe huna mwanangu wa kumwokoa pale uwanjani, na mimi sina mwanangu barabarani. Yule wa Jumamosi ana jina lake na ana mama yake, na mama huyo atakuwa amekaa mahali anamtazama. Anataka mtoto wake acheze na watu wanaomwona yeye. Ukimpisha kwa ajili ya wangu, umemfanya wake kuwa mzimu akiwa angali hai.

Nimeogopa kuandika linalofuata, na Kemunto ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika. Jumamosi atakuja mbio upande wako. Usifungue mikono. Mwangushe, Tavita. Inama vizuri, kichwa chako pembeni, bega lako chini, na umwangushe. Kisha usiondoke. Mpe mkono, ubaki pale mpaka uone amesimama.

Élisabeth,
mama yake Prodige